Kamba ya Pilipili Iliyoishia Korongoni

KAMATI YA KITONGOJI CHA GEREJI MPYA, MJI MDOGO WA MIKUMI

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA JUMAMOSI, TAREHE 14 JUNI 2025, KATIKA BANDA LA GEREJI YA NDG. LUPAKISYO. KIKAO KILIITISHWA SAA 7:30 MCHANA NA KIKAANZA SAA 8:20.

WALIOHUDHURIA
1. Ndg. Zabron Mgasa – Mwenyekiti
2. Ndg. Yared Chimosa – Katibu
3. Mzee Marko Mgasa – Mjumbe (baba mdogo wa Mwenyekiti)
4. Bi Costancia Mlowezi – Mjumbe, msimamizi wa zamu za kupaka kamba
5. Ndg. Lomayani Sendeka – Mjumbe, mwakilishi wa wafugaji
6. Ndg. Lupakisyo Mwakalinga – Mjumbe, fundi magari

ASIYEHUDHURIA KWA TAARIFA
1. Ndg. Alex Kibwana – Mjumbe. Yuko Kidodi na lori la miwa.

MWALIKWA
1. Bi Hildegarda Mkude – Mkazi, ng'ambo ya korongo

KUMB. NA. 1/06/2025: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti aliwakaribisha wajumbe na kuwasihi wachangie kwa kifupi kwa sababu muda umekwenda. Alilieleza suala hili la ufupi kwa kirefu. Ndg. Lupakisyo aliwaomba vijana wake wazime mashine ya kuchomelea ili watu wasikilizane, nao wakaizima, wakakaa pembeni kwenye matairi na kusikiliza kikao chote bila kualikwa.

KUMB. NA. 2/06/2025: YATOKANAYO NA KIKAO KILICHOPITA

Taka za baa ya barabarani, pale malori yanapolala, bado zinatupwa nyuma ya vyoo na nyani bado wanazitawanya hadi milangoni kwa watu. Mwenye baa aliahidi kuchimba shimo. Wajumbe walikumbushana kwamba aliahidi pia mwaka jana. Agenda hiyo iliwekwa kiporo.

Mzee Marko alitaka iandikwe kwamba nguzo mbili za kamba ya kuzuia tembo zimelegea kwa sababu ng'ombe wa wafugaji huja kujikuna hapo. Ndg. Lomayani alijibu kwamba ng'ombe wake wanapita upande wa pili wa reli, na kwamba kama ng'ombe anaweza kulegeza nguzo kwa kujikuna, basi aliyeichimbia nguzo hiyo aulizwe alichimba kwa kijiko au kwa sururu. Aliyeichimbia ni Mzee Marko. Mwenyekiti aliamuru hoja ifungwe.

KUMB. NA. 3/06/2025: MALALAMIKO YA BI HILDEGARDA MKUDE

Mwenyekiti alimwamkia mwalikwa, "Shikamoo mama." Mwalikwa alijibu, "Marahaba, mwanangu," akakataa kiti na kusema atazungumza amesimama ili asije akasahaulika tena.

Bi Hildegarda alieleza kwamba ameishi ng'ambo ya korongo tangu aliposhuka kutoka Vidunda na marehemu mumewe. Sasa anaishi na wajukuu wawili. Baada ya tembo kuingia mitaani mwaka jana, kitongoji kizima kilifanya msaragambo wa kuzungushia nyumba kamba ya katani yenye vitambaa vilivyopakwa oili chafu na pilipili, kwa kuwa tembo hapendi harufu hiyo na hugeuza njia. Naye alikuwapo siku ile, alibeba nguzo kichwani kama wengine. Jioni kazi ilipoisha alirudi kwake na kukuta kamba imeishia upande wa huku wa korongo. Nyumba zote zilikuwa ndani. Yake tu ndiyo ilikuwa nje.

Alisema alinyamaza akidhani kazi itaendelea kesho yake. Haikuendelea. Mambo yakawa mabaya kuliko kabla ya kamba, kwa sababu zamani tembo walikuwa wakitawanyika, huyu apite huku na yule apite kule, ila siku hizi wakifika kwenye kamba wanaifuata hadi mwisho wake, na mwisho wake ni mlangoni kwake.

Juma hili, alfajiri, tembo dume alisukuma ukuta wa jiko lake ukaanguka, akala mahindi yote ya mavuno na kuondoka bila haraka. Mjukuu wake Imani, mtoto wa darasa la kwanza, tangu siku hiyo hataki kupanda kitandani. Analala uvunguni. Bibi yake akimvuta anashika mguu wa kitanda na kulia.

Bi Hildegarda alimalizia hivi: "Mimi sikuja kuomba mahindi. Mahindi yatalimwa mengine. Nauliza, kamati hii inanihesabu mimi ni mkazi wa wapi?"



KUMB. NA. 4/06/2025: MAJIBU YA KAMATI

Mwenyekiti alimpa pole na kueleza kwamba kamati ina huruma naye sana, lakini mpaka wa kitongoji ni korongo, na kamati haina mamlaka ya kuvuka mpaka.

Bi Hildegarda aliuliza mpaka huo uliwekwa lini, maana kwenye msaragambo wa kuchimba mtaro wa shule aliitwa kwa kipaza sauti kwa jina lake na la ukoo. "Kwenye jembe mimi ni wa hapa. Kwenye kamba mimi ni mgeni?"

Mwenyekiti alisema asichukulie hivyo.

Mzee Marko alipendekeza Bi Hildegarda asihifadhi mahindi nyumbani. Aliulizwa na Bi Costancia yeye anahifadhi yake wapi. Alijibu kwamba yeye yuko ndani ya kamba.

Mwenyekiti alipendekeza mwalikwa ahamie kwa muda kwa binti yake Kidodi mpaka kiangazi kiishe. Bi Hildegarda aliomba kuelewa vizuri: "Yaani mimi nihame nyumba niliyojenga na mume wangu, halafu tembo abaki?" Vijana walio kwenye matairi walicheka. Mwenyekiti aliwataka waheshimu kikao. Bi Hildegarda hakucheka.

Bi Costancia aliomba nafasi na kuongea kwa sauti ya juu. Alisema mume wa Bi Hildegarda alipofariki, kitongoji hiki ndicho kilichochimba kaburi, kilichopika na kulala msibani. "Siku ile tulivuka korongo na masufuria kichwani. Mwenyekiti, mpaka ulikuwa wapi siku ile?"

Mwenyekiti alisema hilo ni suala la ubinadamu na hili ni suala la utawala. Katibu aliombwa na Bi Costancia ayaandike maneno hayo kama yalivyo, na Mwenyekiti akamwomba asiyaandike. Yameandikwa.

KUMB. NA. 5/06/2025: KWA NINI KAMBA ILIISHIA PALE

Ndg. Lupakisyo, aliyetoa oili chafu na kusimamia kufunga kamba, alitakiwa kueleza. Alisema kamba haikusimama kwenye korongo kwa sababu ya mpaka wowote. Ilisimama kwa sababu iliisha. Mpaka ulianza kutajwa jioni ile ile, baada ya kamba kuisha, na yeye aliusikia kwa mara ya kwanza hapo.

Alipoulizwa iliishaje wakati ilipimwa kabla ya kuagizwa kutoka Kilosa, alieleza kwamba ilipimwa kwa kuanzia ng'ambo ya korongo, kwa Bi Hildegarda, lakini ikafungwa kwa kuanzia upande mwingine. Wajumbe wote wanajua desturi ya hapa: kazi ya msaragambo huanzia palipopikwa uji. Siku ile uji ulipikwa kwa Mwenyekiti, kwa hiyo kamba ilianzia kwa Mwenyekiti. Watu walikuwa wameshiba, kamba bado nyingi, na mwenye nyumba alikuwa amesimama pale akionyesha kwa mkono.

Mwenyekiti aliuliza nini maana ya kuonyesha kwa mkono.

Ndg. Lomayani alisema hata yeye, ambaye anaambiwa kila kikao kwamba hajui mipaka, ameiona kamba hiyo kila anapopitisha mifugo. Inatoka kwenye jiko la Mwenyekiti, inateremka bondeni, inazunguka shamba lake lote la migomba, ndipo inapanda tena kuja kwenye nyumba ya jirani. "Kwetu boma tunazungushia watu na ndama. Sijawahi kuona tunazungushia ndizi na kumwacha bibi nje."

Mzee Marko alimtaka Ndg. Lomayani afute kauli. Ndg. Lomayani alisema yuko tayari kufuta, ila twende kwanza wote tukaangalie migomba, na kama haiko ndani ya kamba ataifuta. Mzee Marko hakuafiki safari hiyo.

Mwenyekiti alieleza kwamba ndizi ni chakula na chakula ni usalama wa kitongoji. Aliongeza kwamba siku ile hakukuwa na nia mbaya, kamba ilikwenda tu ilivyokwenda, na mtu akishapikia wenzake uji hawezi kuanza kuwasimamia kama nyapara. Katibu anaamini hakukuwa na nia mbaya. Sote tulikunywa uji ule, tukamsifu mpishi, tukarudi nyumbani tukiwa tumefurahi, na hakuna hata mmoja wetu aliyetazama ng'ambo. Ilikuwa aibu kulisikia jambo hilo likielezwa mbele ya mwenyewe.

KUMB. NA. 6/06/2025: ZAMU YA KUPAKA PILIPILI

Mwenyekiti alitaka suala lipelekwe ngazi ya juu kwa ushauri zaidi, na kikao kiendelee na agenda ya kupaka kamba upya, kwa kuwa mvua za masika zimeosha pilipili yote na harufu imekwisha. Alimwomba Bi Costancia atangaze zamu za akina mama.

Bi Costancia alisema hana zamu ya kutangaza. Alifafanua kwamba tangu mwanzo pilipili inayopakwa kwenye kamba hii hainunuliwi sokoni. Inatoka kwenye bustani ya Bi Hildegarda, pilipili kichaa aliyoleta mbegu yake kutoka Vidunda, na ni yeye anayeitwanga kwenye kinu chake huku machozi yakimtoka, halafu anavuka korongo na ndoo. Akina mama wenzake wamekubaliana kwamba hawatashika ndoo hiyo tena mpaka mwenye pilipili awe ndani.

Mwenyekiti aliuliza kama hayo ni matisho.

Bi Costancia alisema, "Wala. Ni uchovu."

Mwenyekiti alimgeukia Bi Hildegarda na kumuuliza, kama mama mtu mzima, kama kweli anaweza kuwanyima watu wa Mungu pilipili wakati tembo wako njiani. Bi Hildegarda alijibu kwamba hajamnyima mtu. Pilipili iko palepale bustanini, imeiva, na anayeitaka avuke akachume mwenyewe, ila aje jioni, wakati ambao yeye huwa anafunga mlango kwa kuuegemezea meza, ili aone palivyo.

Hakuna mjumbe aliyejitolea kwenda kuchuma.

KUMB. NA. 7/06/2025: AZIMIO

Ndg. Lupakisyo alipiga hesabu kwa chaki juu ya boneti ya lori. Kamba mpya haihitajiki. Ikifunguliwa kwenye migomba na kunyooshwa kutoka jiko la Mwenyekiti moja kwa moja hadi kwa jirani, kipande kitakachobaki kinatosha kuvuka korongo, kuzunguka nyumba ya Bi Hildegarda na bustani yake, na kurudi.

Mwenyekiti aliuliza migomba itakuwa wapi. Aliambiwa itakuwa nje.

Mwenyekiti aliuliza kama hakuna njia ya kati, kwa mfano kuzungushia nusu ya migomba. Bi Costancia alimuuliza kama na nyumba ya Bi Hildegarda izungushiwe nusu, na kama ndivyo, Imani awekwe kwenye nusu ipi. Mwenyekiti akasema twendeni kwenye kura.

Waliokubali kamba ihamishwe: Bi Costancia, Ndg. Lomayani, Ndg. Lupakisyo. Aliyekataa: Mzee Marko, ambaye alisema anakataa kwa sababu ya damu na si kwa sababu ya hoja. Mwenyekiti hakupiga kura. Katibu kwa utaratibu hapigi kura, ingawa safari hii alitamani.

IKAAZIMIWA kwamba kamba ihamishwe leo hii kabla ya giza, na kwamba kuanzia sasa kazi ya msaragambo ianzie kwa aliye pembeni kuliko wote, uji upikwe popote.

Mwenyekiti aliomba iingie kwenye kumbukumbu kwamba migomba yake ndiyo kwanza imeanza kuzaa. Imeingia.

KUMB. NA. 8/06/2025: KUFUNGA KIKAO

Vijana wa gereji walikwenda kuchukua sururu kabla hawajaambiwa. Mwenyekiti alivua koti, akasema nguzo za upande wa kwake atazing'oa yeye mwenyewe, asisaidiwe. Wajumbe walimwacha.

Kabla ya kuachana, Mwenyekiti alimuuliza Bi Hildegarda kama sasa ameridhika na uamuzi wa kamati, ili iandikwe na suala lifungwe.

Bi Hildegarda alisema, "Andikeni mmeamua. Kuridhika nitawaambia mtoto akishapanda kitandani."

Kwa hiyo suala halijafungwa. Kikao kilivunjwa saa 10:40 jioni, wajumbe wakaelekea korongoni.

……………………………
Zabron Mgasa
MWENYEKITI

……………………………
Yared Chimosa
KATIBU