Picha ya Karatasi Moja

Baba Moraa, mume wangu,

Mvua ya alasiri imenyesha tena hapa Keumbu, na ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba. Siku kama hizi sijui kama nimelala au niko macho, nawe hunijia umevaa kaptula yako ya jeshi.

Unaikumbuka ile picha niliyokutumia vitani Burma? Uliondoka nikiwa na mimba, basi nilitaka umwone mtoto wako. Nilimpaka Moraa mafuta mpaka akang'aa, nikambeba mgongoni hadi Kisii mjini kwa Mzee Bakari, yule mwenye kamera ya sanduku. Alijifunika kitambaa cheusi, akafungua kifuniko cha lenzi, akatuambia tusipumue. Kisha akapenyeza mkono sandukuni, kwenye dawa, akachomoa karatasi inayochuruzika maji. Ala! Nilitaka kukimbia. Uso wa mtoto ulikuwa mweupe pe, nywele zangu mvi tupu, na gauni langu jeupe limekuwa jeusi.

"Tulia, mama," akasema. "Huu mwanzo tu. Hii nayo hupigwa picha, ndipo rangi zirudi mahali pake. Lakini yataka karatasi ya pili, na sina. Vita vimezimaliza. Ngoja zije nyingine."

Ningoje? Na wewe uko kwenye risasi? Nikaichukua hivyo hivyo, ikiwa bado na unyevu.

Nawe na mizaha yako ukaniandikia: "Mama Moraa, umezeeka upesi, tena umenizalia Mzungu! Lakini namweka mfukoni, namtazama kila nikipata nafasi." Nilicheka mpaka nikalia. Nikasema, atarudi amwone mwenyewe. Hukurudi, na ile picha haikurudi pia.

Siku hizi mjini kuna kamera ndogo za filamu. Ta! imekwisha, hata kupumua unapumua. Moraa amepigwa picha juzi, maana anakwenda chuo cha ualimu. Nimeishika picha yake tangu asubuhi, na wivu umenijaa. Mpita njia yeyote anaweza kumwona mwanao alivyo, ila wewe uliyemtamani ulipewa kivuli tu. Inaniuma, Baba Moraa. Inaniuma sana.

Sasa sogea nikuambie, maana picha ile haikukuambia. Moraa si mweupe. Ni mweusi tii, weusi wako wewe. Ana kishimo shavu la kushoto, na paji pana la mama yako. Akicheka hufumba macho. Akikasirika hufagia ua mzima, hata palipokwisha fagiliwa.

Huwa ananiuliza kama uliwahi kumwona. Namwambia ndiyo. Basi akikujia ndotoni, huyo binti mrefu mweusi usiyemjua, usimpishe njia kama mgeni. Mwite jina lake.

Ni mimi mkeo,
Mama Moraa