Niliichana Karatasi ya Masikio

Mpendwa mama Nakamarra wa redioni, naomba msaada wako kabla ya Alhamisi, na nakuita mama kwa sababu mimi ni Nungarrayi na kwa utaratibu wetu wa majina ya ukoo kila Nakamarra ni mama wa kina Nungarrayi, kwa hiyo wewe ni mama yangu hata kama hatujawahi kuonana, na jina langu jingine usilitafute, maana kina Nungarrayi tuko wengi.

Mimi ni mwalimu msaidizi katika shule ya jamii yetu, ninamtafsiria mwalimu Imogen ambaye haijui lugha yetu, na katika darasa hilo yumo mtoto wa dada yangu Coralie, msichana wa miaka saba, tumwite Roslyn, na majina mengine haya pia nimeyabadilisha. Mtoto huyu anatokwa na usaha masikioni tangu anatambaa, lakini nani hapa hajatokwa na usaha, hata mimi nilitokwa, kwa hiyo tulikuwa tunampangusa na nguo tu na maisha yanaendelea. Darasani akiitwa haitiki, akiambiwa afungue kitabu anatazama dirishani, na mwalimu Imogen akasema, "Huyu ana kiburi," akamwekea kiti kinachotazama ukuta, na kwenye kiti hicho amekaa karibu kila siku mwaka mzima, mama, mgongo kwa wenzake, na mimi niko humo humo ndani. Siku moja na mimi nilichoka nikamvuta sikio nikamfokea, "Haya masikio yako yana kazi gani?" akalia bila sauti, nikaona vidole vyangu vimelowa usaha, nikaenda kunawa nikarudi kazini.

Hilo bado si baya kuliko yote. Miezi minane iliyopita wapimaji wa masikio walikuja kutoka mjini Alice, na kabla hawajafika zililetwa karatasi za wazazi kutia sahihi, na dada yangu hasomi, akanipa yake akaniuliza, "Mdogo wangu, hii inasema nini?" Nikamwambia ni mambo ya picha za darasa. Nikaichana. Niliogopa, mama, bibi yetu alichukuliwa na serikali kutoka kwa wazazi wake akiwa mdogo kuliko Roslyn, kama watoto wengi wa wenyeji wa nchi hii, na muda mfupi tu kabla ya hapo binamu yetu alimpeleka mwanawe kwa daktari kwa sababu ya kifua na watu wa ustawi wa jamii wakaja na gari wakamchukua mtoto, nikajisemea wakiona usaha huu watasema hatujui kulea. Siku ya kupima nilimkalisha Roslyn jikoni kwa mpishi wa shule, akila mkate, mpaka wageni wakaondoka.

Wiki mbili zilizopita lori la maji lilikuwa linarudi nyuma pale dukani, dereva anapiga honi, watu wanapiga kelele, "Toka! Toka!" na Roslyn anaokota kofia yake kama yuko peke yake duniani. Bampa ilimwangusha. Namshukuru dereva alifunga breki, mtoto amevunjika mtulinga tu, lakini muuguzi alipomtazama masikioni akakuta ngoma zote mbili zimetoboka, akatupa dawa ya matone, akauliza, "Shuleni hakupimwa? Mbona hana karatasi?" Dada yangu akawaka, "Shule imemsahau mwanangu! Wamepima watoto wote wakamruka wangu!"

Sasa ukoo mzima una hasira, Alhamisi kuna mkutano na mwalimu mkuu, Bwana Pruett, na Coralie amenichagua mimi nimtafsirie. Mimi! Halafu juzi nilipokuwa natafuta chaki ofisini nikakuta sanduku, ndani yake majibu ya wale watoto kumi na wawili waliopimwa, tisa hawasikii vizuri, na hakuna mzazi aliyeambiwa, hakuna mwalimu aliyeambiwa, vumbi tupu. Lakini nikisema langu, shule itasema si mnaona, kosa ni la familia, na nikinyamaza nitakuwa naitamka kwa mdomo wangu, dhidi ya shule, shutuma ninayostahili mimi. Nifanyeje?

Nungarrayi

*

Binti yangu Nungarrayi,

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nimeiweka chini ili nisiitupe ukutani.

Hofu yako naijua. Mama yangu alinificha mimi kwenye majani kila alipoona vumbi la gari la serikali, kwa hiyo usidhani nakusema kutoka mbali. Lakini mama yangu alinificha nisichukuliwe. Wewe ulimficha mtoto asitibiwe, na ukamdanganya dada yako kwa sababu tu hajui kusoma. Hilo ni ovu, sitalipaka sukari. Na ulipolowa usaha vidoleni ukanawa wewe, yeye nani alimwosha?

Shule nayo isijifiche nyuma yako. Kumgeuza kiziwi aangalie ukuta, asione hata mdomo wa mwalimu! Watoto tisa wamewekwa sandukuni kama viatu vya zamani! Waliopimwa wamepata nini, niambie, kuliko Roslyn aliyekuwa jikoni?

Kwa hiyo nenda kwa Coralie leo, si Jumatano. Mwambie uliichana. Akikutukana, kaa. Akikurushia kitu, kwepa, halafu kaa tena. Alhamisi usitafsiri, mtafuteni mwingine asiye wa ukoo, wewe ukae upande wa dada yako na uwe wa kwanza kusema kosa lako kwa kinywa chako. Ukishalisema mwenyewe, Bwana Pruett hana cha kukushikia. Hapo hapo mwombe alete sanduku mezani. Kila mzazi apewe majibu ya mwanawe na aelezwe kwa lugha yetu. Darasa lipate maikrofoni na spika, watoto wakae mbele, na kile kiti kitoke humo ndani siku hiyo hiyo.

Masikio ya Roslyn hayangoji mkutano. Sokota tishu safi iwe kama utambi, iingize taratibu, iache inyonye, itoe, weka nyingine mpaka itoke kavu, ndipo udondoshe dawa ya muuguzi. Fanya hivyo kila siku, mara zote alizokuambia. Asizamishe kichwa majini mpaka daktari aruhusu. Apelekwe mjini apimwe, na muulize daktari kuhusu kuziba matundu yale. Ukiogopa watu wa ustawi, nenda na mhudumu wa afya wa hapo kwenu, mtu wenu, mwingie naye mlangoni. Mtoto kuumwa masikio si kosa la mzazi. Kumficha jikoni ndilo kosa.

Umeniandikia mimi, utasema na dada yako, utasema na shule nzima. Kuna mmoja hujamtaja kati ya watu wa kuombwa radhi. Piga magoti mbele ya Roslyn mchana kweupe, uso wako uelekee wake, sema polepole na kwa sauti kwamba hakuwa na kiburi. Rudia mpaka uone amekusikia.