Dawa ya Meneja kwenye Friji ya Soda

Jumatatu, 3 Machi

Meneja amedungwa. Hakulia. Nilimwekea dagaa omena kwanza, alipoanza kula nikavuta ngozi ya shingo nikadunga. Hata hajui. Asubuhi na jioni, kila siku, kama chai.

Mteja amenikuta na sindano hapo stoo ya duka langu katikati ya magunia ya mahindi. Akauliza mimi ni mgonjwa wa nini. Nikasema ni paka ana sukari. Amecheka mpaka akashika ukuta. Wacheke. Huyu paka ndiye analinda hizi nafaka. Kabla aje, panya walikuwa wananikulia maharagwe kuliko wateja. Ndiyo tukamwita Meneja. Alipoanza kunywa maji kama ng'ombe na kukojolea magunia, mtu mwingine angemtupa. Mimi nilimpeleka kwa daktari wa mifugo. Daktari naye alicheka. Halafu akampima, akaacha kucheka.

Dawa yenyewe ni ile ya watu. Insulini. Chupa ndogo, bei kubwa. Lakini paka anatumia tone tu. Nikiichunga itanifikisha mvua ya kupanda, watu wakija kununua mbegu ya maharagwe. Pesa ya chupa ingine saa hii sina. Karo ya binti yangu Faith imebeba yote.

Jumatano, 5 Machi

Sina friji. Chupa inakaa kwa kioski ya jirani, Mama Chela, ndani ya friji ya soda, nyuma ya pakiti za maziwa ya mala. Namshukuru na gorogoro, mkebe mmoja wa maharagwe, mara moja moja. Naenda na sindano, navuta, narudi.

Leo nimeiinua kwa mwanga. Nimeiona kama imepungua sana. Sijui. Macho yangu pia si yale ya zamani.

Bwana yangu, Baba Faith, ameingia jioni na vumbi lote la barabara. Ameendesha lori ya kinu tangu alfajiri. Hakutaka ugali. Amesema ameshiba. Wapi ameshibia hakusema.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepata akili. Faith aliacha rangi yake ya kucha hapa alipoenda chuo. Nyekundu. Nimeenda nayo kwa kioski, nikachora laini kwa chupa, pale pale dawa imefika.

Mama Chela ameniangalia. "Mama Faith, sasa unampaka paka lipstiki?"

Nimecheka. Lakini nilikuwa naangalia mikono yake.

Jumapili, 9 Machi

Imeshuka. Imeacha laini kabisa. Hiyo si Meneja. Tone la Meneja hata huwezi kuliona likitoka. Kuna mtu anavuta dawa yangu.

Friji inafunguliwa na nani? Ni yeye tu. Wateja wanapewa soda kwa dirisha.

Kanisani alikaa mbele yangu. Kitambaa kipya cha kichwa, kina maua ya manjano. Pesa ya kitambaa imetoka wapi, na juzi alikuwa analia ati biashara imelala? Insulini unaweza kuuza. Watu wenye sukari ni wengi hapa mtaani. Sikusikia mahubiri hata kidogo.

Dawa ikiisha kabla ya mvua, Meneja anakufa. Ni hivyo tu. Daktari alisema wazi.

Jumanne, 11 Machi

Leo naandika vibaya.

Nilikuwa naenda kuvuta dawa ya jioni. Nimeona Baba Faith akitoka nyuma ya kioski, pale kreti zinapangwa. Hapo wateja hawaingii. Alikuwa anachomeka shati.

Anachomeka shati.

Aliponiona akasema alikuwa anakunywa soda. Soda gani, na chupa iko wapi, sikuuliza. Mama Chela alikuwa ndani anafuta meza ambayo haikuwa chafu.

Sasa nakumbuka. Amepungua. Mshipi wake ametoboa tundu lingine na msumari, nilimwona, nikadhani ni kazi nyingi. Mwanaume wa umri wake hapungui bure. Anapungua kwa sababu kuna mtu anataka kumpendeza. Na mimi nimekuwa napeleka maharagwe kwa huyo mtu.

Dawa imeshuka tena.

Alhamisi, 13 Machi

Nimetoa chupa. Nimemwambia Mama Chela nimepata friji kwingine. Uongo. Iko kwa chungu chenye mchanga mbichi, nyuma ya magunia ya mtama. Baridi ya Eldoret ni friji ya bure.

Uso wake ulibadilika. "Mama Faith, usiitoe, tafadhali. Iache hapa."

Inakuhusu nini? Si paka yako, si pesa yako. Alitaka kuongeza neno, mteja akaja kuitisha mkate. Niliondoka.

Jumamosi, 15 Machi

Hawa wawili wako pamoja. Sasa najua.

Baba Faith hajawahi kuuliza habari ya hii dawa. Alikuwa anaiita dawa ya wazimu. Leo, tumekaa tu, ananiuliza, "Siku hizi dawa ya paka unaiweka wapi?"

Nikasema kwa rafiki.

"Rafiki gani?"

"Kwani unataka kujidunga?"

Hakucheka. Aliangalia chini. Akasema anauliza tu.

Nimekagua chungu. Dawa iko kwa laini. Tangu niitoe pale haijasogea hata unywele. Nimefurahi kama mtu ameshinda kesi.

Jumapili, 16 Machi

Hakuenda kanisa. Amelala. Ananyamaza, anaenda choo, anarudi. Labda ameachwa. Labda ni pombe. Chakula nimemwekea mezani nikaondoka, sikumwita.

Mama Chela alitaka kunishika mkono baada ya ibada. Nilipita upande ule mwingine. Kesho Baba Faith akirudi safari nitasema yote. Maneno nimeshayapanga.

Jumanne, 18 Machi

Jana sikuandika. Tulikuwa hospitali.

Alienda na lori kuchukua viazi Burnt Forest. Akatapika njiani. Dereva mwenzake alimleta nyumbani kabla ya saa sita, amemshika kama mzee. Nilisimama mlangoni na maneno yangu yamejaa mdomo. Nikasema kwanza nimvue viatu ndiyo nianze vizuri.

Niliinama. Nikasikia harufu.

Tamu. Kama nanasi lililosahaulika kwa gunia. Daktari wa mifugo aliniambia, siku paka akinukia tunda mdomoni, mama, usingoje, mlete. Kila asubuhi namnusa Meneja mdomo nikitafuta hiyo harufu. Sijawahi kuipata kwake. Nimeipata kwa bwana yangu, na kiatu chake kimoja kiko mkononi mwangu.

Nikainua shati. Tumboni vidoa vidogo vidogo vya sindano.

Nilimwita Mama Chela. Yeye huyo. Nilipiga kelele mpaka akaja mbio, kiatu mguu mmoja, akamwona, hakuuliza swali. Alitafuta gari, akakaa nyuma, akamshika kichwa njia yote.

Kwa korido ndiyo ameniambia. Baba Faith alipimwa bure pale sokoni, wale watu wenye hema. Wakamwambia ana sukari, aende kliniki aanzishwe dawa. Hakuenda. Aliogopa bosi akisikia, maana dereva wa kujidunga anatolewa kwa usukani. Akaenda kwa Mama Chela kwa sababu marehemu bwana yake alikuwa na sukari, yeye anajua kudunga. Alilia pale kwa kreti. Akamwapisha asiniambie.

"Nilikuwa nataka kukwambia Jumapili," amesema. "Ukanipita kama mti."

Walikuwa wanavuta kwa chupa ya Meneja. Ni mimi nilificha dawa.

Jumatano, 19 Machi

Anaongea sasa. Maji ya mshipa bado yanaingia. Daktari ametukaripia wote watatu. Dawa ya kukisia, bila kupimwa, bila karatasi, mnataka kuzika mtu. Mama Chela alikaripiwa zaidi na hakujitetea.

Wote walipotoka nilimuuliza Baba Faith kitu kimoja. Kwa nini hakununua yake.

Akasema, "Hiyo ya paka ilikuwa imeshalipiwa."

Akageuka ukutani.

Nina hasira. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Hasira na yeye, na bosi wake, na bei ya hiyo chupa, na mimi. Meneja alipoanza kunywa maji mengi niliona siku ya kwanza. Bakuli yake nilikuwa nachungulia kila saa. Jagi ya Baba Faith nilikuwa najaza mwenyewe, mara ngapi kwa siku, na sikuona kitu. Alipungua mbele yangu, nikaona mwanamke.

Ijumaa, 21 Machi

Ametoka hospitali. Nimeuza mahindi niliyokuwa nimeweka yangoje bei ipande. Yameenda kwa bei ya sasa. Basi. Amepata chupa yake.

Nimepeleka chupa zote mbili kwa Mama Chela, na gorogoro ya maharagwe, ile nzuri ya kuchagua. Nimemwambia nilikuwa nadhani nini. Sikutaka kubaki na hiyo kitu rohoni.

Amekaa juu ya kreti akacheka mpaka machozi. "Mimi na yule mzee? Mama Faith, siku nitatafuta mwanaume, nitatafuta mwenye afya."

Nimecheka pia. Kitambaa kilitoka kwa dada yake. Amesema bila mimi kuuliza. Kwa hivyo alijua nakiangalia.

Jumatano, 26 Machi

Jana nilichora laini kwa chupa ya Baba Faith, rangi ile ile. Mazoea.

Leo haijashuka. Iko pale pale nilipochora jana. Nimerudi nyumbani nikamuuliza kama amejidunga. Amesema ndiyo, akiangalia redio.

Anaipunja. Anataka ikae, ndiyo tusinunue ingine haraka. Lori amepewa mtu mwingine. "Kwa sasa," anasema. Sijui kama ni bosi amesema kwa sasa ama ni yeye ananitungia maneno. Siku hizi namshuku kwa kila kitu na sioni aibu.

Sikugombana. Nilimshika mkono kama mtoto wa nasari, tukaenda kwa kioski. Mama Chela akatoa chupa. Tulisimama pande mbili mpaka Baba Faith akainua shati.

"Mnanichunga kama mwizi," amesema.

Mama Chela akamwambia, "Si wewe ni mwizi, mzee? Uliibia paka."

Huyo mzee alicheka. Mara ya kwanza tangu sijui lini.

Jumatatu, 31 Machi

Mvua imeanza. Watu wamekuja kununua mbegu ya maharagwe tangu nifungue. Baba Faith anashika mizani, ni mwepesi wa hesabu kuliko mimi, lakini anawapimia kama anapima dhahabu, wananung'unika. Meneja amelala juu ya gunia la njugu. Hajakojolea kitu wiki nzima.

Nimetoka kidogo nikaenda kwa Mama Chela na sindano ya paka. Nikavuta tone la Meneja. Halafu nikatoa ile chupa ingine, nikaiinua kwa mwanga.

Imeshuka. Iko chini ya laini, vizuri.

Nimechora laini mpya, nikaipuliza ikauke, nikairudisha nyuma ya mala.