Nyumba Iliyobatizuliwa

Jumatatu, 18 Februari 1957

Padri Fridolin amekuja Katindiuka asubuhi kwa baiskeli, akafungua lile kanisa letu la zamani. Tangu lijengwe kanisa kubwa la misheni, wanaosali humu ni popo tu. Akatoa jiwe takatifu altareni, akasoma Kilatini kama dakika tano, akanipa ufunguo. Kuanzia leo ni nyumba kama nyumba nyingine, akasema. Vunja altare, fundi, watu wapate mahali pa kusoma, kushona, kucheza ngoma. Tulikuwa wawili tu. Wengine wote mashambani, wanapalilia mpunga.

Jioni nimemweleza mke wangu. Justa akaacha kupepeta mchele. Akaniomba altare nimwachie mtu mwingine. Mimba mbili zimeshatoka, hii ya tatu ina miezi mitano. Nikamwambia mbao ni mbao. Akarudia ungo wake.

Jumatano, 20 Februari

Altare imevunjika. Mninga safi! Misumari ya kizamani imenitoa jasho. Nitapata meza ya cherehani na kabati la vitabu.

Mzee Eustaki, mwenyekiti wa kamati itakayoendesha nyumba hii, alichungulia dirishani – ndani hakuingia. Akauliza Padri alisema maneno gani. Kilatini, mzee, mimi nitajuaje? Akafikiri sana. “Kwa hiyo, Dionisi, ameibatizua?”

Nimecheka mpaka nyundo ikaniponyoka. Kufunga na kufungua najua, kuvaa na kuvua najua. Kubatiza na kubatizua, ndiyo kwanza nasikia.

Jumamosi, 2 Machi

Neno limefika sokoni Kibaoni. Jina langu sasa ni Mbatizuaji. Anayelitembeza ni Bibi Kandida, mkunga wetu. Kisimani kawaambia wanawake kwamba maji ya ubatizo hayapanguswi, kwa mtu wala kwa nyumba. Padri hawakumwona. Shoka wameliona mkononi mwangu.

Justa amerudi kisimani na ndoo nusu. Nina hasira. Na – niandike tu, nani atasoma – nina hofu. Huyu mtoto namtaka kuliko kitu chochote.

Alhamisi, 14 Machi

Mkutano wa kwanza. Bwana shamba kaja kueleza mbegu za mpunga. Lo! Wanaume kulia, wanawake kushoto, kama kwenye Misa. Kila aingiaye anachovya kidole katika bakuli la maji ya baraka mlangoni, bakuli kavu tangu mwaka juzi, kisha anapiga goti mbele ya meza yangu ya cherehani. Wananong'ona. Bwana shamba alipomaliza habari za mbolea, wote wakaitikia: Amina.

Nikawafokea. Semeni kwa sauti, chekeni, hapa si kanisani! Wakanitazama kwa huruma. Afadhali wangenitukana.

Jumapili, 21 Aprili. Pasaka

Miguu ya Justa imevimba. Hataki kuja kwenye ufunguzi rasmi wa nyumba Jumamosi. Nimemsihi: ukibaki nyumbani watasema hata mkewe anaiogopa ile nyumba. Amekubali kwa ajili yangu.

Jumamosi, 27 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Ngoma hazikupigwa. Mzee Eustaki yumo katikati ya hotuba, Justa akashika ukuta. Uchungu! Miezi saba tu. Wamemwingiza chumba cha nyuma, walikokuwa wakivalia mapadri. Mimi nilimleta. Mimi.

Jumapili, 28 Aprili

Niandike, mikono ipate kazi.

Njia ya hospitali imejaa maji, na Bibi Kandida alikataa Justa abebwe. Padri yuko ng'ambo ya mto, pantoni ya Kivukoni imesimama kwa mafuriko. Mtoto alitoka jana kabla jua halijazama. Wa kiume. Mdogo – anaenea viganjani mwangu. Anapumua, halii.

Kandida akasema abatizwe sasa hivi, asisubiriwe mtu. Nikamwambia basi batiza, bibi. Yeye mikono yote miwili ilikuwa kwa Justa, inazuia damu. Mzee Eustaki akasema kutoka mlangoni kwamba baba habatizi mwanawe. Alisema kwa upole. Nikataka kumpa yeye kikombe, ndipo Justa akafumbua macho.

“Dionisi ndiye,” akasema. “Aliyebatizua ndiye abatize.”

Hakuna aliyecheka. Nilichota maji ya mvua kwenye ndoo iliyokinga pale paa linapovuja. Kikombe cha bati kikagonga ndoo. Nikammiminia kichwani, nikasema maneno yote, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, kwa Kiswahili. Jina Valeriani, la baba yangu. Bibi Kandida akaitikia Amina, akanitazama, akasema vizuri, baba Valeriani. Hakuniita lile jina lingine.

Asubuhi hii damu imepungua. Mtoto wamemfunga kifuani kwa Justa. Bado hajalia.

Watu wameanza kuja mmoja mmoja na mvua. Hakuna aliyewaita. Wanaume kulia, wanawake kushoto. Wamechovya vidole katika bakuli kavu, wamepiga magoti mbele ya cherehani, wanasali. Sikuwafokea. Nimekaa huku mlangoni pa chumba, daftari gotini, na namshukuru Mungu kwamba humu ndani watu hunong'ona. Akilia, nitamsikia.