Nimelimwaga gunia la mwenye tai

Mbeya, Jumanne

Na nimeshinda! Wiki mbili bosi ananisumbua tuipe kazi kampuni ya yule baba mwenye tai, eti bei kubwa ndiyo usalama. Nakala za akiba za kazi zetu zote za mtandaoni, barua pepe na mikataba ya wakulima, zikae kwake miaka kumi.

Leo wauzaji wote wawili walikuja, yeye na dada mmoja wa Iringa mwenye nusu ya bei yake. Walikuwa wametunza nakala zetu kwa majaribio mwezi mzima. Nikawaambia, "Nirudishieni faili moja tu, mkataba wa Chunya nilioufuta wiki iliyopita. Hapa hapa."

Mwenye tai akaanza kupiga simu. Mara mtandao, mara fundi yuko likizo. Yule dada wa Iringa akaufungua mkataba kabla chai yangu haijapoa.

Bosi akakohoa. "Haya, Sekela. Mwandikie huyu dada mkataba wa kazi."

Kusema kweli niliogopa. Kama huyo dada naye angeshindwa, ningeuficha wapi uso?

Nimempigia mama kule Mbalizi, nikamsimulia. Ndiye aliyenifundisha kutonunua gunia la viazi mpaka limwagwe chini. Akauliza, "Kwa hiyo la mwenye tai lilikuwa na viazi vidogo chini?"

"Mama, chini hakukuwa na kitu."