Kwa Mama Marlys, Aliyejua Pweza Wanakolala

Mama, mwaka umekatika tangu asubuhi ile ya Septemba ulipotutoka, pale sebuleni, kitanda kikiwa kimeelekezwa dirishani ili uyaone maji. Neno "marehemu" Baba amelikataa kabisa. Anasema marehemu ni watu wengine.

Uliendesha basi la shule hapa Hoodsport miaka thelathini na moja. Watoto uliowabeba sasa wana watoto wao, na wote wanakumbuka kwamba hukuwahi kumwacha mtoto aliyechelewa, hata akiwa anakuja na kiatu kimoja mkononi. Wanakumbuka pia kwamba basi lilinuka mpira na chumvi. Ukishawafikisha darasani unakwenda kupiga mbizi, na saa nane unarudi kuwachukua huku nywele zinakudondoka maji. Ulipostaafu uliniambia, "Sasa nitazamia bila kuangalia saa," na kweli, tangu siku hiyo chakula cha mchana nyumbani kililiwa saa yoyote ile.

Baba hajui hata kuogelea. Alikuwa akikaa ufukweni na chupa ya kahawa, anatazama mapovu yako kwa darubini, asiyapoteze. Watu wakimtania alisema, "Wanawake wa kuoa walikuwa wengi, mimi nikamchagua samaki." Lakini mapovu yakichelewa kidogo tu, anasimama.

Hukuwa na pupa, Mama. Wenzako wa klabu ya wazamiaji walizunguka huku na huku na matochi yao wakirudi mikono mitupu. Wewe ulikuwa unatafuta takataka. Pweza akishakula kaa hutupa magamba nje ya mlango, kwa hiyo ukiona lundo la magamba, jiwe lililo juu yake lina mwenyewe. Hapo unapiga magoti mchangani, kwenye baridi ya kuuma meno, na kusubiri. Anti Lorraine, mwenzako wa kuzamia kwa miaka ishirini na miwili, anashika tochi nyekundu, ambayo mwanga wake haumsumbui pweza, wewe unashika kamera. Alitusimulia kwamba ulikuwa unamwomba pweza radhi kwa sauti, na kile kidude cha kuvutia hewa kikiwa mdomoni: "Samahani bibie, dakika moja tu."

"Mimi namsikia vizuri kabisa," Anti alituambia. "Na pweza naye anamsikia, ila anajifanya kiziwi."

Na yule aliyekunyang'anya kamera, jamani! Mkono mmoja tu, akaivuta shimoni, ukabaki umeshika kamba. Baba anasema ulitoka majini unacheka mpaka ukashindwa kuvua mapezi ya mpira. Ulipozamia mara ya pili ukaikuta imetupwa nje pamoja na magamba, na ndani mna picha kumi na moja za giza na moja ya jicho. Hiyo ya jicho uliibandika kwenye friji. "Hii sikupiga mimi," ulimwambia kila mgeni. "Kajipiga mwenyewe."

Kulikuwa na jambo moja tu usilolifanyia mzaha. Pweza jike akiwa na mayai, hasemwi alipo. Hali, hatoki, miezi sita au saba yumo shimoni anayapulizia mayai yake maji na kuyapangusa, na akisumbuliwa sana huyaacha. Basi hapigwi picha kwa flashi, hukai mlangoni pake zaidi ya dakika tano, na picha yake haitoki nyumbani kabla hujaikata kingo zote. Maana wazamiaji wa huku wanayajua mawe ya chini kama wanavyozijua barabara za juu. Waonyeshe ukingo wa tairi kuukuu, watakutajia mahali penyewe.

Hapa lazima niseme, Mama, kwa kuwa mimi Berit ndiye ninayeandika, na nyumbani wote wanajua.

Miaka miwili kabla hujaondoka, siku yako ya kuzaliwa, nilichukua picha kwenye kompyuta yako, ya pweza aliyekuwa na mayai, nikaiweka kwenye ukurasa wa klabu. Nilitaka watu waone mama yangu anaweza nini. Sikukata kingo. Kwenye pembe ya kushoto kulikuwa na nguzo ya chuma yenye mnyororo, na kabla ya chakula cha mchana mtu alishaandika ni wapi. Jumamosi yake magari yalipanga foleni kando ya barabara. Watu walizamia kwa zamu, kila mmoja na tochi yake na flashi yake. Siku ya tano pweza akaondoka, na mayai yakaliwa na samaki.

Ulizamia ukajionee mwenyewe. Uliporudi ukaosha vifaa, ukavitundika, ukaniambia, "Alikuwa nayo miezi mitano, Berit." Basi, hilo tu. Heri ungenigombeza, ungenichapa hata na hayo mapezi! Uliendelea kunipikia, kunipigia simu, kunitania juu ya nywele zangu. Ila picha hukunionyesha tena. Nikiingia unaifunga kompyuta taratibu, kana kwamba ulikuwa umemaliza. Nikaacha kuzamia. Niliona aibu hata kulitazama begi la vifaa vyangu.

Kisha ukaugua. Saratani ya kongosho, alisema daktari, na tangu siku hiyo hakutaja tena mambo ya mwakani. Kufika Agosti ulikuwa huwezi kupanda ngazi, na huko chini ya maji ulikuwa na pweza wako mmoja, mwenye mayai tangu Februari. Hukuuliza habari za dawa, uliuliza habari zake. Anti Lorraine hakuweza kwenda kumtazama peke yake, maana hakuna anayezamia peke yake huku, na wewe ndiye uliyewafunza nusu ya watu sheria hiyo.

"Nimchukue mtu wa klabuni," Anti akasema. "Dale ni msiri."

"Dale ni msiri mpaka bia ya pili," ukasema. "Nenda na Berit."

Nilikuwa jikoni naosha sufuria. Nikaacha bomba linamwaga.

"Berit yupi?" nikauliza, kama mjinga.

"Kwani ninao wangapi?"

Ukaniita kitandani ukanielekeza kwa kuchora na kidole kwenye shuka: tuingilie wapi, kina gani, mawe mangapi mkono wa kushoto. Ulinitaka niyarudie mara tatu kama mtoto wa darasa la kwanza, na mara ya tatu nilipopatia ukasema, "Haya, nendeni, maji yatatulia saa tano."

Tukazamia. Alikuwepo, Mama. Amekonda, rangi imempauka, lakini anapuliza. Mayai yalining'inia kwenye dari la shimo kwa maelfu, kama punje za mchele zilizotungwa uzi, na ndani ya kila moja vijicho viwili vyeusi. Nilikaa dakika tatu nikaondoka. Nikaja nyumbani mbio na nywele mbichi.

"Yupo?"

"Yupo, Mama. Mayai yana macho tayari."

Ukafumba macho kwa raha. "Lete basi nione."

"Uone nini?"

"Picha, we mtoto."

"Sikubeba kamera. Niliogopa."

Ukafumbua jicho moja. "Ole wangu. Nimekupa njia yote ile ukapige hodi tu? Kesho urudi. Kamera iko hapo chini ya kitanda."

Niliinama nikaivuta. Ilikuwa imefutwa, imefungwa vizuri, na betri imejaa. Baba aliniambia baadaye kwamba ulimwamuru aiweke pale tangu juzi yake, kabla Anti hajamtaja Dale.

Kesho yake tulirudi. Nilipiga picha moja tu, kwa ile tochi nyekundu, nikaileta kabla hata sijavua suti ya kuzamia. Nililowesha zulia lote.

Uliipakata kompyuta kwa mikono yote miwili. Hukumtazama pweza. Ulianza na kingo. Ukaikuza pembe ya kushoto, kisha ya kulia, ukapanda juu, ukashuka chini, polepole, kama ulivyokuwa ukikagua basi kabla ya safari. Nilisimama natiririka maji. Sijui kama nimewahi kuogopa vile, hata siku ile ya daktari.

"Hapa," ukasema, "hata mimi nisingejua ni wapi."

Ndipo ukaanza kumtazama pweza. Ulimtazama sana, ukanishika mkono ukiwa mbichi hivyo hivyo, na hukuuachia mpaka chakula kikapoa.

Siku ya tisa baada ya picha ile ukatutoka. Baada ya mazishi mimi na Anti tulizamia tena. Mayai yote yalikuwa matupu, Mama. Wameanguliwa, wamekwenda zao. Nililia chini huko mpaka miwani ikajaa.

Picha iliyo juu ya maneno haya ndiyo ile. Mhariri wa gazeti alitaka sura yako, Baba akamwambia sura yako kila mtu anaijua. Na wanaotaka kuuliza ni wapi, wasijisumbue kutupigia simu.

Unakumbukwa na mumeo Duane, ambaye bado anakwenda ufukweni na chupa ya kahawa, sasa anatazama mapovu yangu. Na mwanao Todd na mkewe huko Spokane. Na wajukuu zako wanne. Na Lorraine Tanabe, dada yako wa majini. Na watoto wote wa basi lako. Na mimi Berit, uliyeniambia mahali.

Hutatutoka moyoni kamwe, Mama.