Mkono Niliouvunja

Jumatano, 9 Julai 2025

Shane amekuja tena shambani. Mpwa wa mwenye ardhi — hataki kabisa tulime pale. Amepitisha trekta juu ya mboga zetu za managu, mistari sita, huku anacheka! Pulchérie, Mkongo ninayelima na kuuza naye mboga dukani Scarborough, huku ugenini, alitaka kumrukia. Nikamvuta. Nikamwambia mimi ni wa Kanisa la Marafiki tangu kuzaliwa Vihiga, hatupigani.

"Marafiki wa nani, Papa Hezron? Wa huyu?"

Nikainama kuokota managu yaliyopona.

Jumamosi, 12 Julai



Tulikuwa tunachuma mrenda. Shane akaja na chuma. Bila neno akampiga Pulchérie mgongoni. Akaanguka kifudifudi. Akampiga mateke ya mbavu — mawili, matatu. Nilisikia kitu kikivunjika ndani yake. Nikapiga kelele, acha! Akainua chuma juu ya kichwa cha Pulchérie.

Nilikuwa na jembe.

Nilimpiga mkono. Mfupa ukatokeza. Chuma kikadondoka, akapiga magoti analia. Hapo ingetosha. Haikutosha! Nikampiga tena, begani, akiwa amepiga magoti. Pulchérie ndiye aliyenishika mguu. "Papa, basi! Utamuua!"

Miaka sitini na moja sijampiga hata mtoto wangu. Na — acha niandike, nani atasoma — pigo la pili lilikuwa tamu.

Jumapili, 13 Julai

Kanisani. Tulikaa kimya kusubiri Roho, kisha tukaomba. Mimi nilisikia mfupa tu.

Jumanne, 15 Julai

Polisi yuko sebuleni. Mpole, amekataa chai. Nimeingia chumbani kutafuta kitambulisho, naandika nimesimama.

Shane amesema nilimpiga mara mbili, pigo la pili akiwa amepiga magoti. Pulchérie, mbavu zimefungwa bandeji, amemwambia polisi ni mara moja tu. Mashahidi wengine hakuna. Kisha polisi akanigeukia: mara ngapi?

Marafiki hatuapi. Tunasema ndiyo, inakuwa ndiyo.

Jescah amenifuata mlangoni, ananong'ona. "Baba Noela, uliokoa mtu! Sema mara moja, aende zake. Unataka kufia jela ya ugenini?" Mke wangu — juzi aliomba kanisani kwa sauti kubwa kuliko wote.

Polisi anauliza kama nimekipata.

Kitambulisho ninacho mkononi tangu nilipoingia humu.